Wati Mia Mbili za Sebuleni

Amplifaya ya tatu niliinunua kwa ubishi wangu mwenyewe. Taarabu ni maneno. Ukiyakosa maneno umebaki na vinanda tu, na pale sebuleni kwetu Fordsburg, hapa Joburg, maneno yalikuwa hayanifikii. Nikakata shauri kwamba spika zinanyimwa nguvu. Mwenye duka akaniambia hii ni wati mia mbili, mzee, utamsikia mwimbaji hata akimeza mate. Nikaibeba hadi nyumbani na mgongo unaniuma, maana nilikuwa nimeshinda nasaga vyuma vya mageti kwa grenda, kazi yangu ya miaka yote katika mji huu.

Kelele ziliongezeka. Maneno, wapi! Jirani wa juu akagonga sakafu, mke wangu naye akaja mlangoni kunifokea. Siku hizo alikuwa hasemi nami ila kwa kupayuka, mwanamke niliyemuoa Tanga kwa upole wake. Nikajiambia Joburg imemharibu, kama ilivyowaharibu wengi. Hata nguvu za kugombana naye sikuwa nazo tena.

Jumapili nikamwita fundi, Mkongo mmoja mwenye kibanda Newtown. Akakagua nyaya, akaweka wimbo, akapima. Kwa chumba kama hiki, akaniambia, na mtu amekaa karibu hivi, spika zinakula wati moja, labda mbili. Zilizobaki ni akiba tu ya pale ngoma inapopigwa ghafla. Hata ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda kidogo mno. Eish! Kumbe ile ya kwanza, niliyompa shemeji kwa dharau, ilikuwa inatosha na kubaki. Kisha akauliza, kwa adabu, kama mama huko jikoni anayasikia maneno. Mke wangu akautamka ubeti mzima huku anamenya viazi.

Fundi akaenda zake. Nikabaki nalitazama lile dubwana, nimechoka mpaka rohoni, na hofu imenishika. Nikalizima. Nikamwomba mke wangu aje akae karibu, aniambie neno lolote, ila kwa sauti yake ile ya Tanga.

Akaja na bakuli lake la viazi, akaketi mbele yangu. Midomo yake ikacheza. Nilichosikia ni kama mtu anayeongea chumba cha pili, mlango umefungwa.

"Haya," nikamjibu, kama nilivyokuwa nikimjibu kila siku.

Akaweka kisu chini. Akainuka, akainama mpaka pumzi yake ikanigusa sikio.

"Nimekuuliza hospitali tunakwenda lini, wewe unaniambia haya. Nimechoka kukupayukia, mume wangu."

Hayo niliyasikia yote, neno kwa neno.