Matundu Manne Chini ya Sebule

Mtaani walimwita Mama Nta, naye hakukasirika, maana jina hilo alilipata kwa jasho. Kila Jumamosi asubuhi, mvua inyeshe jua liwake, alipiga magoti sebuleni na kopo lake la nta na kitambaa cha fulana kuukuu. Alianzia pembe ya dirishani akamalizia mlangoni, ubao kwa ubao. Mgeni alivua viatu nje. Asiyetaka kuvua alizungumziwa hapo hapo barazani, awe shemeji au awe mtu mzito wa serikali. Miguu ya viti na meza ilivishwa soksi za watoto, ambao wenyewe walikwisha kukua na kwenda kujitegemea mbali. Tone la maji likianguka, alilifuta kabla aliyelidondosha hajapata nafasi ya kuomba radhi.

"Wifi, siku moja utatuambia tutembee kwa mikono," dada wa mumewe alizoea kumtania.

"Mikono nayo ina jasho," alijibu Mama Nta. "Mtakaa nje tu."

Sakafu yenyewe ilikuwa kazi ya mumewe, seremala asiye na mfano pale mtaani. Alipojenga nyumba aliiinua sebule juu ya nguzo fupi za matofali, akalaza boriti, na juu ya boriti akapigilia mbao. Chini aliacha uwazi ambao mtu angeweza kupita akitambaa, na mlango mdogo nyuma, chini ya ngazi za jikoni. Kwenye ukuta wa msingi aliacha matundu manne, kila moja ukubwa wa tofali, yamewekwa wavu. Siku ya kuhamia alimshika mkewe mkono akamwonyesha.

"Huko juu fanya utakavyo, mama. Haya usiyaguse. Mbao zinapumua hapa."

Na aliyagusa. Tena hakuyagusa kwa bahati mbaya, aliyaziba kwa mikono yake miwili. Ilikuwa mwaka wa pili, kiangazi, mumewe yuko safarini miezi mitatu akiezeka shule. Vumbi lilipanda kupitia nyufa kati ya mbao, na kila asubuhi nta yote imefifia. Mama Nta alivumilia wiki moja, mbili, ya tatu uvumilivu ukamwisha. Alisokomeza magunia kwenye matundu, akakandika saruji iliyobaki kwenye ujenzi, akapanga vyungu vya maua mbele yake. Alikusudia kumwambia mumewe akirudi. Mumewe aliporudi alisimama mlangoni miguu mitupu, akaitazama sakafu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sijawahi kuiona safi hivi. Umeitendea haki kazi yangu." Sasa angeanzia wapi? Akaahirisha hadi kesho, na kesho hiyo ikachukua miaka kumi na minane.

Kisha mumewe akaanguka kutoka jukwaani kwenye jengo la watu, akaumia mgongo. Hospitali walimlaza wiki sita, wakamrudisha nyumbani na kitanda kizito cha chuma na onyo moja. Alale, asitikiswe. Mtikisiko mmoja mbaya, daktari alisema, na miguu ndiyo basi tena. Chumbani kitanda hakikuingia. Walikiweka katikati ya sebule, kichwa upande wa mlango, na Mama Nta akakivisha soksi miguu yote minne kabla hata ya kumtandikia mgonjwa shuka.

Masika yalianza wiki hiyo hiyo. Siku ya tisa au ya kumi alipopita na bakuli la uji alisikia kitu chini ya kisigino chake. Kwa miaka yote sakafu ile ilijibu mguu kwa sauti kavu, na sasa ilijibu kwa sauti nzito, iliyochelewa kidogo. Alirudi nyuma hatua moja akakanyaga tena. Ilikuwa ile ile. Kisha akaenda kumnywesha mgonjwa uji.

Ikafuata harufu, ya udongo mbichi, asubuhi zaidi kuliko jioni. Ikafuata siku kidonge kilipomponyoka mkononi, kikaanguka na kubingirika chini ya kitanda, kikasimama kwenye mguu wa kushoto, upande wa miguuni. Cha kesho yake nacho kikaenda pale pale. Mama Nta aliinama akaona kwamba mguu ule umeshuka. Alikunja kipande cha katoni akakisukuma chini yake, na juu ya mbao akapaka nta, ikang'aa hata uso wa mtu ukaonekana.

Mtu aliyelala pale juu alikuwa seremala. Mgongo ulikuwa umeumia, masikio hayakuumia.

"Sakafu inalia," alisema asubuhi moja.

"Ni mvua."

"Mvua naijua, mama. Nimefanya kazi na mbao miaka thelathini. Hii siyo mvua."

Mama Nta alikuwa anakunja taulo. Hakumtazama. "Ni dawa hizo, baba. Daktari alisema zinachezea kichwa. Unaweza ukasikia visivyokuwepo."

Daktari hakusema neno kama hilo. Hapo ndipo mimi ninapomlaumu, na nitamlaumu hata akinisikia. Kuziba matundu ni ujinga, na ujinga kila mtu anao wake. Lakini kumtazama mtu aliyelala chali, asiye na chochote kilichobaki kizima ila akili yake, ukamwambia hiyo nayo imeharibika, hilo ni jambo jingine.

Siku mbili baadaye mumewe aliuliza kama kuna harufu ya udongo, akaambiwa hakuna. Akauliza leo ni siku gani, akajibiwa, na baada ya dakika chache akajirudia siku zote saba kwa sauti ya chini, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa anajipima. Mama Nta alimsikia kutoka jikoni, akajitia hamnazo. Katoni chini ya mguu wa kitanda zilikuwa zimefika tatu.

Jumamosi moja mchana mvua ilikatika, na mguu wa kitanda ulikuwa umeshuka tena, kwa siku moja tu. Mama Nta alipiga moyo konde. Mpango wake ulikuwa mdogo. Afungue matundu kimya kimya, upepo uingie, mbao zikauke, na mambo yaishe bila mtu kujua hili wala lile. Mgonjwa alikuwa amesinzia. Alichukua nyundo na patasi ya mumewe, akasogeza vyungu, akabomoa saruji ya tundu la kwanza. Gunia lilitoka vipande vipande, limelowa, na nyuma yake ikaja hewa ya baridi iliyonuka vibaya kiasi kwamba alirudisha uso nyuma. Hakuendelea na la pili. Alitafuta tochi, akaondoa ndoo mbovu alizokuwa amezirundika chini ya ngazi za jikoni, akafungua mlango mdogo na kuingia kwa magoti.

Chini kule ukungu mweupe wa mbao zinazooza ulikuwa umetanda kila mahali. Ulipanda nguzo, ukatambaa kwenye boriti, ukaning'inia. Alisogea kwa viwiko hadi pale alipokisia kitanda kilipo juu. Boriti tatu zilibeba uzito ule. Aligusa ya kwanza kwa kidole gumba, na kidole kikaingia hadi kiungo, kama kwenye mkate. Ya tatu hivyo hivyo. Ya kati ilikuwa imepasuka kwa urefu na kupinda kuelekea chini, na ubao uliokuwa juu yake ulishikwa na msumari mmoja tu.

"Hodi hapa," sauti ilisema juu.

Ilikuwa ya wifi yake. Nyuma ya wifi, Mama Nta alisikia sauti mbili za wanaume, mafundi waliofanya kazi na mumewe, mmoja mwembamba na mwingine yule waliyemwita Tani kwa sababu ya mwili wake. Walikuwa wanavua viatu, maana nyumba ile kila mtu aliijua sheria yake. Akasikia mlango. Akasikia miguu mitupu ikiingia, na vumbi la mbao likamdondokea usoni.

Hata hapo alisita. Namwambia msomaji ukweli, alisita. Alifikiri kwamba watamjulia hali, watakaa dakika tano, wataondoka. Kisha boriti ya kati ikasogea chini ya kiganja chake.

"Msisogee kitandani," alipaza sauti. "Simameni hapo hapo."

Juu miguu ikasimama.

"Wifi? Uko wapi?"

"Niko chini yenu. Sakafu imeoza. Tani, rudi nje, kaa kizingitini, usiweke mguu ndani. Wewe wifi na fundi piteni ukutani, kule mbao ni nzima, naziona. Kamateni kitanda kichwani, mkivute taratibu kuelekea mlangoni. Taratibu. Msimtikise, nawaomba."

"Nani kasema imeoza?" Hiyo ilikuwa sauti ya mumewe, ameamka.

"Mimi, baba. Mimi ndiye niliyeziba matundu."

Alisikia hatua za pembeni, zimebana ukutani. Kisha kitanda kikaanza kwenda. Kwa soksi zile na nta ile ya miaka, chuma chote kile kiliteleza bila kelele. Mama Nta alikifuata kwa tochi, ubao kwa ubao, roho mkononi. Mguu wa kushoto ulitoka kwenye kishimo chake, ukavuka ubao mmoja, ukavuka wa pili, na kwenye wa tatu ukapita. Aliuona ukishuka mbele ya uso wake, chuma ndani ya soksi ndogo yenye mistari ya bluu, ukasimama hewani shubiri moja kutoka kwenye paji lake la uso.

"Nimekishika," Tani alisema kutoka mlangoni, akihema. "Nimekishika, shemeji. Hakishuki tena."

Wakakinyanyua. Mguu ulipanda polepole ukatoweka, na pale ulipokuwa pakabaki tundu lenye mwanga wa mchana.

Alipotoka chini ya ngazi, walikuwa wamemfikisha mumewe barazani pamoja na kitanda chake. Alikuwa salama, vidole vya miguu vikicheza kidogo kama daktari alivyotaka. Wifi, mtu aliyekuwa na utani kwa kila jambo, alikuwa ameshika tama. Mafundi wawili walijifanya wanatazama paa. Mama Nta alisimama mbele ya mumewe, ukungu kwenye nywele, udongo hadi kwenye viwiko, akasema yote, kuanzia magunia hadi katoni. Hakuomba chochote.

Mumewe alimsikiliza hadi mwisho.

"Matundu ni kazi ya nusu siku," alisema. "Ungeniambia mwaka ule, tungefungua, tukaweka wavu wa macho madogo zaidi. Boriti nazo hubadilishwa. Hilo siyo neno."

"Nisamehe, baba."

"Jana ulipokuwa jikoni nilimpigia dada simu, nikamwomba anitafutie daktari wa akili. Ndiyo maana wamekuja leo, kupanga namna ya kunipeleka." Alipeleka mkono chini ya mto, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa. "Nimewaandikia watoto. Nilitaka niwaandikie wakati bado nakumbuka majina yao."

Akamnyooshea. Majina yalikuwa yameandikwa nje kwa penseli ya useremala, kwa herufi kubwa, moja moja, na chini ya kila jina alikuwa amelirudia mara ya pili. Mama Nta alizipokea kwa mikono yake yenye udongo, na hakujua aziweke wapi.