Udongo Niliouchota Nyuma ya Jiko

Nilifundisha sayansi katika shule ya msingi hapa Songea mjini kwa miaka mingi, na kama kuna ugonjwa unaowapata walimu, ni huu wa kutaka kuwa sahihi hata nyumbani kwa mama zao. Mimi ulinipata vibaya. Kila likizo nilitoka kwangu Msamala kwenda kijijini Maposeni kumwona mama, na kabla hajamaliza kuitikia shikamoo yangu, nilikuwa nimeshaona la kumrekebisha.

Mama alikuwa mjane, na shamba lake la mahindi ndilo lililomfanya atembee kifua mbele. Alizoea kusema hatakula unga wa kununua maadamu mikono yake ingali mizima. Na kweli hakuula. Sisi watoto wake tulilishwa na kusomeshwa na shamba lile, na hata baada ya kuolewa bado nilibeba magunia yake kuja nayo mjini bila aibu.

Alilima kama alivyofundishwa na mama yake. Kabla ya mvua alikata majani na mabua ya msimu uliopita, akayalaza kwenye mfereji kati ya matuta, kisha akayapasua matuta ya zamani na kuyafukia kwa udongo wake. Palipokuwa mfereji mwaka jana, mwaka huu pakawa tuta. Kazi hiyo ilimchukua majuma kadhaa na ilimvunja mgongo. Mimi nilimwonea huruma. Hapana, niseme ukweli: nilimwonea haya. Jirani walikuwa wameshaanza kuchoma mabua yao. Unawasha kiberiti mchana, jioni shamba ni jeupe. Nikamwambia mambo ya kufukia majani yamepitwa na wakati, mbolea ya chumvichumvi ya dukani itafanya kazi hiyohiyo, tena upesi. Nikamletea mwenyewe, ya kupandia na ya kukuzia, nikamwonyesha namna ya kupima kwa kizibo cha soda. Jirani wawili watatu walikuja kutazama, nikawapa na wao somo.

Mama akakubali, akaacha kufukia, akaanza kuchoma. Misimu ya mwanzo nilitamba. Mahindi yalikuja marefu, ya kijani kibichi, mama akacheka akasema kumbe ada zangu za shule hazikupotea. Lakini baadaye udongo ukaanza kuwa mgumu. Mvua ikinyesha, maji yalikimbia juu yake badala ya kuzama. Mahindi machanga yakatoka na rangi ya zambarau kwenye kingo za majani, na mbolea ileile ikaleta magunia machache kuliko mwaka uliotangulia. Haikuwa kwetu peke yetu. Kwenye magari ya kwenda Peramiho watu walilalamika kwamba udongo umechoka, wakiusema kama mtu anavyomsema mkwe mvivu. Chakula chake tulikuwa tukikichoma kila mwaka, halafu tunashangaa kwa nini una njaa. Na hayo mimi nilikuwa nayafundisha darasani, tena ubaoni, kwa michoro.

Ndipo afisa ugani alipotangaza kwamba atapima udongo wa kila mtu. Maelekezo yalikuwa mepesi: zunguka shamba zima, chimba sehemu nyingi, changanya kwenye ndoo, leta mfuko mmoja. Mama alikuwa na maumivu ya goti siku hizo, nami nilikuwa likizo, akanituma.

Kilichoniponza ni kusikia kwamba majibu yatasomwa ofisi ya kijiji mbele ya watu wote. Nilisimama shambani na ndoo yangu, nikashika udongo ule mweupe, mkavu, nikawafikiria wale niliowapa somo la kizibo. Nikaona jinsi watakavyotazamana. Nikarudi nyumbani na ndoo tupu, nikapita nyuma ya jiko, mahali mama alipomwaga majivu, maganda na samadi ya mbuzi tangu nikiwa mdogo, mahali ambapo maboga yaliota bila kupandwa na mtu. Nikachimba hapo. Udongo ulitoka mweusi, laini, una unyevu. Nikaujaza kwenye mfuko wa kupeleka kwa afisa, nikafunga.

Ofisini, mmoja baada ya mwingine waliambiwa udongo wao umekuwa mchachu, una tindikali nyingi, wasichome tena masalia, na wamwage chokaa ya kilimo kabla ya msimu. Ulipofika wetu, afisa alisema ni mzuri sana, hauhitaji chokaa, tuendelee hivyohivyo. Watu walinigeukia kwa heshima. Nikaipokea, Mungu anisamehe, nikaipokea yote.

Nyumbani mama aliuliza udongo umesemaje. Nikamwambia umefaulu.

Nilidhani nimesema uongo mdogo. Sikujua mama atafanya nini nao. Jirani walimwaga chokaa yao, wakarudia kufukia mabua, na baada ya misimu michache mahindi yao yakaanza kusimama. Ya mama yaliendelea kudumaa. Na kwa kuwa udongo ulikuwa umeshafaulu, alitafuta kosa kwake mwenyewe. Alianza kwenda shambani kabla hakujapambazuka. Alipalilia mara tatu. Alisema labda anachelewa kupanda, labda macho yake hayaoni magugu vizuri, labda mbegu anazifukia vibaya kwa sababu mikono inatetemeka. Wazee wanasema mficha uchi hazai. Uchi niliouficha ulikuwa wangu, lakini aliyekosa mavuno alikuwa mama.

Mara nyingi nilitaka kumwambia. Nilifika Maposeni nimejipanga kabisa, nikamkuta anajipaka dawa kwenye goti baada ya palizi ya tatu, nikaishia kumsaidia kuipaka. Kadiri alivyohangaika ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kukiri, maana sasa ningekiri na mahangaiko yake yote.

Hatimaye yeye mwenyewe aliomba kuja kukaa kwangu. Shamba tukamkabidhi jirani alilime. Jirani huyo hakuamini majibu yetu ya zamani. Alichota udongo wake mwenyewe, akazunguka shamba zima kama ilivyotakiwa, akaupima, akamwaga chokaa. Mama, akiwa kwangu mjini, hakuyajua hayo.

Mwaka huu nilimpeleka mama kusali Peramiho, na wakati wa kurudi akaomba tupitie shambani. Mahindi yalikuwa yamemzidi kimo, majani mapana, kila mmea umebeba. Alitembea polepole kati ya matuta akiyagusa. Nilisubiri anigeukie aniulize. Nilikuwa tayari, nadhani.

Alinigeukia macho yamelowa, akanishika mkono. "Nisamehe, mama," aliniambia. "Ulituletea mbolea, udongo ukafaulu, na bado mimi nilishindwa kuwalisha. Kumbe kosa nilikuwa mimi."

Nilimwambia jua ni kali, twende. Tulifika nyumbani nikapika ugali wa unga wa dukani, akala kidogo, akanishukuru.