Jepkoech na Mashine ya Vumbi

Katika Aziziya yote, hapa Jeddah, hakukuwa na nyumba safi kama aliyofanyia kazi Jepkoech. Mimi nafanya kazi nyumba ya jirani, na madam wangu alinisimanga kila siku: "Muone Jepkoech, anapiga mashine ya kufyonza vumbi mara sita kwa siku!" Mara sita, Mungu wangu! Vumbi lenyewe lilitoka wapi?

Siri yake niliijua, na ilinikera. Jepkoech alikuwa anakohoa. Ilianza kama mafua ya AC, ikateremka kifuani, ikafanya makao wiki tatu. Winfred, aliyemtangulia katika nyumba ile, aliugua, na tulisikia alirudishwa kwa ofisi ya wakala kule Bani Malik na sanduku lake. Basi Jepkoech alipobanwa na kikohozi, aliwasha mashine, akakohoa humo kwenye kelele mpaka machozi yakamtoka, akaizima, akatabasamu. Ilibaki miezi miwili amalize mkataba, arudi Kapsabet kwa mtoto aliyemwacha akitambaa.

"Enda hosi, daktari akuone," nilimwambia tulipokutana kumwaga takataka. "Unatoka jasho na kwenu AC inagandisha maji."

"Nikisema mimi mgonjwa, halas, kazi imeisha. Wacha nimalize hii miezi miwili."

"Utarudi Kapsabet ukiwa kwa jeneza, Jepkoech."

Alicheka, akashika ubavu, akakimbilia mashine yake.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Jepkoech aliumbuliwa na zawadi. Madam wake, kwa kufurahia bidii ile, alienda dukani akamletea mashine mpya ya bei mbaya, isiyopiga kelele. Akaita na majirani waje kuiona, mimi nikiwa nyuma yao na birika la kahawa. Jepkoech akaiwasha. Ikanguruma polepole kama paka aliyeshiba. Kikohozi kikaja, na hapakuwa na pa kukificha. Alikohoa mpaka akaanguka juu ya zulia, midomo imegeuka rangi. Baba mwenye nyumba alimbeba mwenyewe hadi kwenye gari.

Hospitalini alipokelewa na Zephania, muuguzi wa Kitanzania.

"Dada, hii inaitwa empayema," alimwambia. "Ni neno la Wagiriki wa kale. Usaha umejikusanya ndani ya kifua, nje huonekani na kidonda. Waganga wao walikuwa wanamshika mgonjwa mabega, wanamtikisa, wanasikiliza kama ndani kunachezacheza."

"Mimi wangesikia mashine tu," akajibu Jepkoech.

Walimtoboa ubavuni, wakatia mpira, ukatoka usaha lita moja na zaidi. Daktari alisema angechelewa siku mbili, tungemzika. Nililia, kisha nikamkasirikia upya.

Ijumaa nilimpelekea uji, nikamkuta madam wake ameketi kando ya kitanda.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza madam.

"Niliogopa utanirudisha, kama Winfred."

"Winfred? Winfred alilia siku nne anataka kwao. Nikamkatia tiketi."

Nani mkweli, sijui. Winfred hatujawahi kumuuliza, tulisimuliana habari zake tu. Madam akazungusha pete kidoleni.

"Mara sita kwa siku," akasema, machozi yakimlengalenga. "Nami nilidhani unaipenda nyumba yangu."

Akaanza kulia kwelikweli. Jepkoech akanitazama, akajiinua taratibu na ule mpira ubavuni, akaanza kumbembeleza: "Pole, madam. Mafi mushkila, hakuna shida. Naipenda."