Sakafu ya Simiti

Baada ya vita, mwenye ardhi pale Changamwe alitaka ardhi yake. Nyumba ilikuwa yetu, fito na makuti, lakini kiwanja kilikuwa chake, na ndivyo tulivyoishi wengi wetu huku nje ya kisiwa. Tukaibomoa kwa mikono yetu.

Baba alikuwa mfanyakazi wa bandarini, akapata chumba katika nyumba mpya za wafanyakazi, ng'ambo ya barabara. Bati juu, mfereji uani, sakafu ya simiti. Mama aliipiga deki mara mbili kwa siku. Mimi, msichana wa miaka kumi na miwili, nililala chini kifudifudi nisikie ubaridi wake. Watu walikuja kutupongeza. Haya ndiyo maendeleo, walisema.

Bibi, mamake baba, aliigonga sakafu kwa mkongojo.

"Nami nikifa, mfuo mtaufukua wapi?"

Tulicheka. Kwetu maiti huoshewa ndani ya nyumba yake, juu ya kitanda, na chini ya kitanda hufukuliwa mfuo, shimo la kupokea maji yale yasije yakakanyagwa. Lakini nani angekataa simiti kwa ajili ya shimo?

"Mungu akupe umri, mama," baba alimjibu.

Umri wenyewe haukufika masika. Bibi alifariki asubuhi, kichwa mapajani mwa mama.

Baba akaazima mtaimbo. Msimamizi wa nyumba akamkuta nao mlangoni. Hakuwa mkali, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

"Pole sana, mzee. Lakini ukivunja simiti, leo leo unanipa ufunguo."

Baba alitutazama mmoja mmoja. Kisha akauegemeza mtaimbo ukutani.

Bibi alibebwa akaoshewe kwa jirani wa zamani, katika nyumba ya udongo iliyokuwa nayo ikingoja kubomolewa. Wanawake walifukua mfuo katika chumba ambamo bibi hakuwahi kulala hata siku moja, nami nikasaidia kuzoa udongo. Hakuwa ametuuliza jambo jingine lolote kuhusu kifo chake.

Nilimchukia baba siku ile, wallahi. Nilimchukia mpaka tuliporudi jioni, nikajikuta nimesimama mlangoni, napangusa udongo wa mfuo miguuni nisije nikaichafua sakafu.