Pikipiki Yenye Beseni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walizaliwa na miguu ya kutembelea, mimi nilipewa ya kukunja chini ya kiti. Miaka ile ya hamsini nilikuwa mwalimu katika shule ya misheni hapo Nakuru mjini, na kutoka mlango wa darasa langu hadi mlango wa nyumba yangu Bondeni, kipande cha muwa hakikuwa kinaisha mdomoni. Nikifika nakuta chai iko tayari, kuku wanaingia bandani, na vumbi la magadi likivuma kutoka ziwani nafunga dirisha, basi. Sikuwa na haja ya kujua dunia inaishia wapi.

Balaa lilikuja kwa sababu ya sekondari. Nilikuwa nimeisoma nikaimaliza, na siku zile mtu aliyemaliza sekondari alikuwa kama fahali wa mbegu: kila zizi linamtaka, yeye mwenyewe haulizwi. Padre akaniita, akaniambia kuna vishule vya watoto wa wafanyakazi kwenye mashamba ya wazungu, Njoro, Molo, Rongai, Solai, hadi kule chini Subukia, na havina msimamizi. Ameona mimi nafaa.

"Lakini," akasema, "lazima uwe na chombo cha kukupeleka."

Lile "lakini" nililipenda kuliko cheo chenyewe. Nilienda nyumbani nikitengeneza sauti ya huzuni njia nzima, nikamwambia mke wangu kwamba bahati imekuja, ila ndiyo hivyo, chombo hatuna.

Hata hakugeuka kutoka jikoni. "Chombo kipo. Kaka yangu ameona pikipiki inauzwa."

"Pikipiki?"

"Inauzwa na karani wa shamba moja upande wa Njoro. Jumamosi tunaenda kuiangalia."

Nikajaribu njia nyingine. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, na barabara zilikuwa na vizuizi. Kuna watu waliofungwa na vizuizi vile wasiweze kufika hata kwa mama zao, nami nikaona havitaharibika zaidi nikivitegemea kidogo. Nikamwambia askari hawatanipitisha.

"Padre atakuandikia barua," akasema. Kisha akanigeukia, mwiko mkononi. "Wanawake wenzangu wanalia kwamba waume zao hawaonekani nyumbani. Mimi wangu haondoki hata nikafagia alipokaa. Niliolewa na mwanamume ama na kabati?"

Kabati halijibu.

Jumamosi shemeji alikuja kutuchukua na lori lake la kubebea mikebe ya maziwa. Huyu ndugu wa mke wangu alikuwa keya, askari wa jeshi la Mwingereza, wakati wa vita, akaendesha pikipiki za jeshi kule Bama ng'ambo ya bahari, na tangu arudi hakuna injini aliyokutana nayo asiitukane kwa mapenzi. Njiani alinifundisha ya kuangalia, mke wangu akiwa katikati yetu, akiitikia kwa kichwa kama anayesikiliza mahubiri.

"Ya kwanza, mashine uikute imelala baridi," akasema. "Mtu akikuwashia kabla hujafika, anaficha kitu. Injini mbovu ikishapata joto inakuwa na adabu. Ya pili, moshi. Ukiwa wa buluu, inakunywa oili. Hiyo tunaiacha, tunarudi nyumbani."

"Tunarudi nyumbani?" nikauliza.

"Hapo hapo."

Tangu hapo mpaka Njoro nilikuwa nikiomba moshi. Niliomba kwa moyo kuliko nilivyowahi kuomba mvua.

Tulimkuta karani ameketi nje ya nyumba yake, kwenye kiti, na mguu wake wa kulia umewekwa juu ya debe, umefungwa plasta kutoka kidole hadi goti. Pembeni yake ilisimama pikipiki nyeusi ya Kiingereza, na ubavuni ilikuwa imeunganishwa kile kigari chenye gurudumu moja cha kumbebea mtu wa pili. Wafanyakazi wa shamba walikiita beseni, na kweli lilikuwa beseni, tofauti ni kwamba hili liliogopesha hata likiwa kavu.

"Karibuni, karibuni," akasema karani. "Mtaniwia radhi, siwezi kusimama. Hii pikipiki, Mwalimu, ni mpole kama kondoo."

Nikautazama ule mguu. "Na huo mguu, mzee?"

"Huu? Huu ni ng'ombe."

"Ng'ombe alikukanyaga?"

"Alinipiga teke. Ng'ombe wa mzungu."

Mke wake, aliyekuwa akitoka na kikapu cha viazi, akasema bila kusimama, "Ng'ombe mweusi. Ana taa moja mbele."

Nilidhani hapo safari imeisha. Nilimgeukia mke wangu kwa furaha ambayo sikuweza kuificha. Yeye alikuwa anacheka na yule mama, wameshakuwa marafiki, na kesi ya mguu ikazikwa.

Shemeji hakucheka. Aliweka kiganja chake juu ya injini, akakiacha hapo kama daktari. "Mbona ina joto?"

"Jua," akasema karani.

Tukaangalia juu sote. Mawingu yalikuwa yamefunika milima yote ya Mau, na mimi nilikuwa nimevaa sweta mbili.

"Basi tutangoja jua lako lipoe," shemeji akasema, akachuchumaa.

Tukangoja. Tukaletewa chai na viazi vya kuchemsha, na mimi nikaona ni wakati wangu wa kufanya kazi iliyonileta. Nikaanza kuzunguka ile pikipiki nikitafuta makosa. Nikasema rangi yake ni ya jeneza. Nikasema kiti ni kigumu, mtu atapata ugonjwa. Nikabonyeza honi, nikasema inalia kama mbuzi aliyefiwa, itawatisha watoto wa shule. Nikasema taa yake ina kengeza. Nikainama nikatazama chini kwa muda mrefu, nikainuka na kusema sipendi ninachokiona.

"Unaona nini?" shemeji akauliza.

"Chini."

"Chini gani?"

"Hapo chini kwa jumla."

Karani alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefungwa plasta. Mke wangu akamwambia yule mama, "Huyu ndiye amesoma mpaka sekondari," na yule mama akasema, "Wee, inaonekana," na wakachekea ndani ya vikombe vyao.

Injini ilipopoa, shemeji aliipiga teke. Teke la kwanza, kimya. Moyo wangu ukapaa. La pili, ikanguruma, na mimi nikakimbilia nyuma kwenye bomba la moshi, nikainamisha pua karibu kabisa. Ulitoka moshi mweupe kidogo wa ubaridi, ukatawanyika, kisha hakuna. Hewa safi. Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi nikitafuta buluu, hata ya kuazima.

"Unalia, Mwalimu?" karani akauliza.

"Ni petroli."

Shemeji akakagua vingine. Akavuta cheni kwa kidole kuona imelegea kiasi gani. Akainua gurudumu la mbele na kulizungusha, jicho moja amefumba, kuona kama linayumba. Akapapasa spoki mojamoja kama anapiga zeze. Akashika breki, akasukuma, ikakataa kusonga. Kila mara alipotikisa kichwa kukubali, mimi nilihisi kama mlango mwingine wa nyumba yangu umefungwa, na mimi niko nje.

"Mashine iko sawa," akasema mwishowe. "Sasa twende nayo barabarani. Ila beseni likiwa tupu linadanganya. Linataka mzigo."

Hakuna aliyetaja jina langu. Waligeuka tu, wote wanne, wakanitazama.

Kuingia katika beseni lile si jambo la mtu mnene. Unaingiza mguu mmoja, unaufuatisha wa pili, unateremka kidogo kidogo kama gunia linaloshushwa shimoni, kisha magoti yanagusa kidevu na hapo ndipo unagundua kwamba njia ya kuingilia haikubali kutumika kutokea. Mke wangu aliniwekea kofia yangu kichwani, akaipigapiga. Shemeji akapanda, tukaondoka.

Barabara ile ya shamba ilikuwa ya udongo, imeporomoshwa na mvua, na upande wa kushoto ilipakana na ua mrefu wa kaiyaba, ile miti ya miiba ambayo wazungu waliizungushia mashamba ili hata sungura apige hodi. Beseni lilikuwa upande huo huo. Nilikaa nikiutazama ua ukipita karibu na sikio langu, ndipo, kwa kuukimbia kwa macho, nikatazama upande wa pili, pale beseni linapoungana na pikipiki.

Liliunganishwa kwa mabomba ya chuma. Bomba la mbele lilikuwa na rangi mbichi kuliko mengine. Na chini ya ile rangi palikuwa na ufa. Gurudumu likiingia kwenye shimo, ufa ulifunguka, likitoka, unafumba. Unafunguka, unafumba, kama mdomo wa mtu anayekula pole pole chakula kisimwishie haraka.

Nilikuwa nimepata kosa. Kosa la kweli, la chuma, mbele ya macho yangu. Kwa nukta moja nilifurahi kama mtu aliyeokota pochi, kisha nikakumbuka nimekalia wapi.

"Shemeji!" nikapiga kelele. "Kuna ufa!"

"Rangi tena?" akajibu bila kugeuka.

"Si rangi! Bomba! Bomba limepasuka!"

"Kwa jumla?" akauliza, akacheka kwa sauti kubwa, akaongeza gia.

Nilimvuta suruali. Akanipiga kofi la mkono kama nzi. Nilijaribu kusimama, magoti yakakataa, kidevu kikakataa. Nilikuwa nimesema uongo asubuhi nzima, na sasa ukweli wangu haukuwa na pa kukaa. Nikakaa nao mimi, ndani ya beseni, nikiutazama ule mdomo ukizidi kupanuka.

Bomba lilipoachia halikulia kwa kishindo. Lilisema "ta", kama kifundo cha kidole kinapoalika. Pikipiki ikaendelea mbele na shemeji wangu, akiwa bado anacheka, na mimi nikaenda zangu kushoto, taratibu, karibu kwa heshima, nikaingia ndani ya ua wa kaiyaba mpaka kiza kikanifunika.

Ukimya. Miiba ilikuwa mbele, nyuma, juu ya kofia. Mmoja ulikuwa umesimama mbele ya jicho langu la kushoto, mrefu kama sindano ya kushonea magunia, ukiningoja nipumue vibaya. Lakini nilijipapasa kwa mawazo, maana mikono haikuweza kusonga, nikaona sina mfupa uliovunjika. Kisha furaha ikanipanda kutoka tumboni. Nimeokoka, nikajiambia. Sasa hakuna mtu atakayeinunua. Jumatatu niko darasani, jioni niko kwangu.

Nikasikia miguu inakuja mbio, kisha sauti ya mke wangu nje ya ua. "Mwalimu! Uko hai?"

"Niko hai."

"Umeumia?"

"Sikuumia. Lakini umeona mwenyewe! Niliwaambia!"

Nilimsikia akihema. Nadhani alikuwa ameogopa kweli, maana aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini.

"Haya. Umeanguka, na hukuumia," akasema. "Hilo ulilokuwa unaliogopa limeshafika, limepita. Sasa unaogopa lipi?"

Nilifungua mdomo, mwiba ukagusa mdomo, nikaufunga.

Shemeji akafika na pikipiki, nzima, inanguruma. Nikasikia anaizunguka, anagonga hapa na pale. "Mashine haina kosa," akasema. "Ni beseni tu. Tena bila hili zigo itakuwa nyepesi."

Karani naye aliletwa kwa toroli la shamba, mguu mbele. "Beseni mniachie," akasema. "Mama atafugia kuku. Chukueni pikipiki peke yake, nitawapunguzia."

Wakapatana pale pale, juu ya kichwa changu, kama watu wanaouziana mbuzi na mbuzi amefungwa pembeni anasikiliza. Nilitaka kusema neno. Kila neno lilikuwa na mwiba mlangoni.

Mzee mmoja wa shamba akaleta panga. Nilisikia makali yanagusa tawi la kwanza, kisha mke wangu akasema, "Ngoja kwanza, mzee. Mwalimu, unasemaje?"

"Kateni miiba."

"Hilo si jibu."

"Mke wangu, kuna mwiba karibu na jicho."

"Nauona. Mzuri, haujasonga. Utaenda ama hutaenda?"

"Mbona unaniuliza nikiwa huku?"

"Kwa sababu nikikuuliza ukiwa kwenye kiti chako unakuwa na majibu mengi."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikitafuta kisingizio kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Kulikuwa na baridi ya Molo. Kulikuwa na mteremko wa Subukia. Kulikuwa na ng'ombe mwenye taa moja. Vyote vilikuwa vya mtu ambaye hajaanguka bado, na mimi nilikuwa nimeshaanguka, mbele ya mashahidi.

"Nitaenda," nikasema.

"Sikusikia."

"Nitaenda!"

"Kateni," akasema, nao wakakata.

Walinivuta kutoka nyuma kama kizibo. Sweta ya juu ilibaki uani. Mke wangu alinikung'uta majani begani bila kunitazama usoni, akinikung'uta hata pale pasipokuwa na jani. Kisha akanisukuma mbele.

Pikipiki bila beseni ilikuwa nyembamba, imeegemea mguu wake mmoja, na haikuwa na mahali popote pa mtu kujikunja. Wakanipandisha. Wafanyakazi wa shamba walikuwa wameshajaa barabarani, wengine wameacha majembe. Shemeji alinishika mkono wa kushoto, akauweka kwenye klachi, akanikunjia vidole.

"Ukiishika hivi, haiendi," akasema. "Ukiiachia pole pole, inaenda. Ni hilo tu, Mwalimu."

Nikaishika. Injini ilikuwa ikitetema chini yangu, mke wangu amesimama kando na kofia yangu mkononi, na wote wakiningoja. Niliishika ile klachi kwa nguvu zangu zote mpaka vidole vikafa ganzi, na mimi bado nimeishika.