Maji Yaliyokaguliwa Juani

Pale zahanati walimwita Profesa, ingawa kazi yake ilikuwa kupiga deki na kupanga foleni. Kilichosoma kwake kilikuwa mdomo. Muuguzi akichelewa, yeye ndiye aliyesimama mbele ya benchi la akina mama akatoa somo la asubuhi.

"Vijidudu ni nini? Neno lenyewe linajitaja! Chukua mdudu, mpunguze, unapata kidudu. Kipunguze tena, kijidudu hicho. Ni wadudu tu, ila wameishia njiani kama masomo yangu!"

Benchi zima likaangua kicheko. Dada yake, aliyekuja kumchukulia mama yao dawa ya presha, alicheka mpaka akashika mbavu. Ila yeye alisikiliza pia.

Miaka yote dada alikuwa akimchemshia mama maji ya kunywa, moshi wa kuni ukimtoa machozi. Sasa, kumbe ni wadudu! Akakunja kitambaa cheupe mara nne, akayachuja, akaiinua glasi juani na kuikagua kama fundi saa. Hakuna kinachoogelea.

"Kunywa, mama. Hamna hata mmoja."

Wiki ya tatu mama akashikwa na tumbo la kuhara. Siku mbili tu, akawa kama nguo iliyokamuliwa. Profesa alifika mbio, ufagio bado mkononi.

"Dada, maji mlichemsha?"

"Nilichuja. Si ulisema ni wadudu? Nimetazama, mdogo wangu. Haki ya Mungu, kila glasi nimetazama."



Mama alizikwa Alhamisi. Dada hakumlaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililomchoma. Angetukanwa, angalau angepata pa kujitetea.

Siku hizi benchini hutumia neno jingine. "Vimelea," husema, "kwa kuwa vinamea ndani ya mtu. Mbegu yake huioni, hata uikague juani. Chemsheni maji." Hatanii tena. Wageni hunong'ona kwamba mhudumu huyu kazaliwa amenuna.

Jioni akirudi, hukuta dada ameshainjika sufuria. Maji huchemka, yakachemka, yakapungua hadi nusu, kisha robo. Wanakaa wawili wakiyatazama, na hakuna anayethubutu kusema yametosha.