Uzi wa Zambarau

Mama Futi alikuwa na utaratibu mmoja uliowachekesha mafundi wenzake. Kila mshonaji katika karakana yake alipewa rangi yake ya uzi. Akimaliza kazi, humalizia na mishono mitatu ya rangi hiyo kwa ndani ya pindo la mkono wa kushoto, mahali pasipoonekana. Sare ikirudi imefumuka, Mama Futi hugeuza pindo, akatazama, kisha akapaza sauti, "Wewe wa kijani, njoo uone aibu yako!" Daftari la wafanyakazi hakuwa nalo, wala mkataba wa mtu yeyote. Uzi ulimtosha.

Kisha uchumi ukayumba. Wazazi wakaacha kununua sare mpya, wakawa wanatia viraka zile kuukuu. Washonaji saba wakarudi nyumbani mmoja mmoja, cherehani zikafunikwa mashuka, na Mama Futi akawa anafagia chumba kisicho na takataka.

Ndipo redio ikatangaza: serikali itawawekea dhamana wenye biashara ndogo wapate mikopo benki, na atakayewarudisha watu wake kazini atalipiwa nusu ya mishahara yao kwa miezi sita. Mama Futi hakuamini masikio yake. Kwa miaka ishirini na miwili serikali ilimjia mlangoni kwa leseni na kodi tu, tena ikibisha hodi kana kwamba imegombana na mlango. Leo inataka kumshika mkono? Huko mbali, kwenye ofisi asizozijua, kuna mtu alikaa akawafikiria watu kama yeye! Alijaza fomu, akaandika: wafanyakazi saba.

Afisa aliyekuja kukagua alikuwa kijana mpole, shati lake limekosa kifungo kimoja. Mama Futi aliliona pengo hilo kabla hajamwona uso.

"Mama, hawa saba ushahidi wao uko wapi? Mikataba? Mahudhurio?"

"Sina, mwanangu."

"Basi tuna kazi. Akipungua hata mmoja, fomu nzima inafutwa. Watu wamedanganya sana, mama. Na leo ndiyo siku ya mwisho."

Aliwaza zile cherehani zikibebwa na wanunuzi wa vyuma. Kisha akajitupia shingoni futi yake ya kupimia nguo kama anayekwenda vitani, akasema, "Twende shuleni."

Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara, na sare zake zote zilishonwa kwa Mama Futi. Wanafunzi walikuwa mstarini. Mwalimu mkuu alipoelezwa, aliamuru mikono ya kushoto inyooshwe mbele. Afisa akapita akigeuza mapindo, akihesabu kwa sauti: nyekundu, kijani, njano, nyeusi, rangi ya chungwa, nyeupe. Sita. Mstari wa pili, sita zile zile. Wa tano, vilevile.

"Huyu wa saba ni nani, mama?"

Wa saba alikuwa Bibi, mjane mwenye macho yaliyofifia, na uzi wake ulikuwa wa zambarau. Wenzake walishauri asiandikwe kwenye fomu. "Haoni vizuri, atatuponza," walinong'ona. Mama Futi alikataa katakata, ila tuseme ukweli, moyoni alimhesabu kama sadaka yake. Sasa sadaka hiyo inawazamisha wote.

"Alikuwa anashona nini?" afisa akauliza, akitazama saa.

"Mifuko tu. Macho yalipomchoka nilimwondoa kwenye mashati, nikampa..." Akajipiga paji la uso. "Mimi mjinga wa kutupwa! Mwalimu, waambie watoe mifuko nje!"

Watoto hawakuelewa, lakini waliifurahia amri hiyo kuliko zote walizowahi kupewa. Mifuko ya kaptura na sketi ikapinduliwa kwa mpigo mmoja. Gololi zikadondoka, vipande vya penseli, kiatu cha mwanasesere. Na ndani ya kila mfuko, pembeni chini, mishono mitatu ya zambarau. Kila mtoto. Mistari yote, hadi ukutani.

Mama Futi akasimama ameduwaa. Sita wale waligawana watoto hawa. Bibi alikuwa na wote.

Afisa akatoa kalamu, akaandika saba, akaikazia mara mbili.

Mama Futi alimkuta Bibi mlangoni kwake, akikunja nguo kwa kupapasa.

"Bibi, kesho uje kazini. Serikali imeiona mifuko yako."

"Mifuko yangu?" Bibi akacheka. "Nani anayetazama ndani ya mfuko, mwanangu?"

Mama Futi alitaka kumweleza, machozi yakamtangulia. Akapiga magoti palepale kizingitini, akaishika ile mikono, akaomba radhi kwa kosa ambalo Bibi hakujua kama limewahi kutendeka.